Mukta Karandikar: Anayekuambia Ukweli Kabla Chuo Hakijakuambia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi za kilima cha Hanuman, na Mukta Karandikar anapanda bila kugeuka nyuma. Amevaa sari ya pamba, raba nyeupe na sweta la marehemu mumewe. Nyuma yake anahema Shardul Gadre, mfanyakazi wa benki, ambaye tangu waegeshe skuta pale chini ameshalitaja neno "uongozi" kama mgombea wakati wa kampeni.

"Kwa nini unataka kwenda chuo cha biashara?" Mukta anamuuliza.

"Nataka kukuza uwezo wangu wa uongozi katika mazingira ya kimataifa ambayo..."

"Panda kwanza. Utaniambia pale kwenye jiwe."

Wanafika kwenye jiwe. Shardul ameshika kiuno, jasho linamtiririka asubuhi ya Januari. Mukta anarudia swali lile lile.

"Dada Mukta, niseme kweli? Nimechoka. Bosi wangu ni mdogo wangu kwa umri. Kasoma ng'ambo, basi. Riba yenyewe namkokotolea mimi."

"Ehee! Sasa tunazungumza," Mukta anacheka. "Wewe ndiye ninayeweza kukupima. Yule wa kule chini alikuwa kasuku."

Hiyo ndiyo kazi yake. Mukta, mwenye umri wa miaka 52, ni mshauri wa udahili. Watu wanaotaka kuingia vyuo vikubwa vya biashara duniani humwendea kwanza awaambie kama wana nafasi au wanajisumbua. Hapa Pune, magharibi mwa India, wateja hawakomi. Huu ni mji ambao ukirusha jiwe litampata mhandisi, na huenda aliyelirusha ni mhandisi pia. Wote wana alama nzuri za mtihani, wote wamewahi kufundisha watoto maskini siku za Jumapili, na wote wanataka viti vile vile vichache.

Jibu lake huwa namba. "Kati ya kumi, sita." "Kati ya kumi, moja, na hiyo moja nimekuhurumia." Kipimo cha kwanza hatozi kitu, na hukifanyia kilimani. Anasema mtu aliyeishiwa pumzi hana nguvu ya kukariri.

Kila msimu huchukua watu kumi na watano tu, kwa rupia elfu arobaini kila mmoja. Zipo ofisi za mjini zinazotoza hadi laki tatu na kuahidi kiti. Mukta haahidi. "Kiti si changu, nitakiahidi vipi?" anauliza, na anauliza kwa ukali kidogo, maana swali hilo limemkosesha wateja wengi.

Alianza kazi hii kwa bahati. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha biashara hapa mjini. Mumewe alipofariki, aliacha kazi amtunze mama mkwe. Binti wa jirani akaja na maombi yake, akataka Mukta ayatupie jicho. Akayatupia. Binti akapata. Jirani wa ghorofa ya pili akasikia, na ukijua majirani wa mtaa wa Kothrud, yaliyobaki huhitaji kuhadithiwa.

Lakini ukimtaka Mukta akueleze kazi yake, hatakueleza kwa maneno mengi. Atakusimulia habari ya Ashlesha Kulthe.

Ashlesha ana miaka 28, ni mhandisi katika kiwanda cha breki za magari huko Chakan. Misimu miwili iliyopita aliomba vyuo vinne vya Ulaya, na vyote vikamkataa. Mwaka jana kiwanda kikamwambia kinampeleka kwenye tawi jipya la Chennai, kwa mkataba wa miaka mitatu, na kikataka jibu lake kabla ya mwaka mpya. Akitia sahihi, habari ya chuo imekwisha. Akikataa na chuo nacho kimkatae, amekosa huku na huko. Kwa hiyo ule msimu ulikuwa wa mwisho.

Alikuja kwa Mukta na baba yake, mama yake na baba yake mdogo, Madhukar. Hapa kwetu mtu haendi kupimwa peke yake. Wanne wakajipanga kwenye kochi kama waliokuja kuposa. Mukta akawaandalia pohe, yaani mchele bapa wa kukaanga, na chai, na mzee Kulthe akaanza.

"Madamu, mtoto huyu tangu darasa la kwanza hajawahi kuwa wa pili."

"Hongera. Endelea."

"Hajawahi kukosea kazini. Mkubwa wake mwenyewe kasema."

"Na tabia!" akadakia Madhukar. "Tabia ya dhahabu. Hana majivuno, halali nje, anakula kila anachopikiwa."

"Baba mdogo, jamani," Ashlesha akanong'ona.

"Acha niseme, mwanangu. Hapa ndipo pa kusema."

Mukta akawaacha wamalize, kisha akamwomba Ashlesha wapande kilima kesho yake, peke yao. Alipomwambia namba yake kule juu, msichana alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi.

"Mbili? Dada Mukta, kati ya kumi, mbili? Kwa alama zangu?"

"Alama zako ni nzuri. Za wenzako kwenye foleni ni nzuri pia. Nimesoma insha zako za zamani, humo ndani hakuna kosa hata moja. Mtu asiyewahi kukosea, ama hajafanya kazi, ama anaficha. Wewe ni yupi?"

 Mficha uchi hazai, na msichana huyu alikuwa amelelewa kuficha. Nyumbani kwao kosa halikuwa jambo la kumsimulia mgeni. Mwishowe akasema. Siku moja alisimamisha laini nzima ya uzalishaji kiwandani kwa zamu nzima kwa sababu breki zilionekana mbovu. Kumbe breki zilikuwa salama, kipimo chake ndicho kilichoharibika. Mafundi walimcheka mwezi mzima. Kila akipita, mmoja alikuwa akipaza sauti: "Simamisheni dunia, Madamu kaja na kipimo!" Wakati wa chakula cha mchana akasimama juu ya kiti kantini, akawaomba radhi wote.

"Ulijisikiaje?" Mukta akamuuliza.

"Nilitaka ardhi inimeze. Ila tangu siku hiyo, wakiona kasoro wananiambia. Zamani walikuwa wananificha."

"Basi andika hilo. Ukiliandika vizuri, ni nne kati ya kumi."

Wakaanza kazi, safari hii kwa chuo kimoja tu cha ng'ambo. Mukta hamwandikii mtu insha. Huweka maoni yake katikati ya maandishi, kwa rangi nyekundu, na ulimi wake ni mkali hata kwa maandishi. Kwenye aya moja ya Ashlesha aliandika: "Hapa unanidanganya mimi, sembuse wao." Kwenye nyingine: "Aya hii umeiandika wewe au shangazi yako?" Insha ilikuwa nusu tu imesahihishwa, na zilikuwa zimebaki siku nyingi kabla ya mwisho wa kutuma maombi, sikukuu ya Dasara ilipofika.

Siku ya Dasara kila mtu huheshimu chombo kinachompa riziki. Dereva huvisha gari maua, fundi huvisha nyundo. Nyumbani kwa akina Kulthe walivisha kompyuta ya Ashlesha shada la maua ya rangi ya chungwa, mama akaitia alama ya unga mwekundu, na kwa kuwa hakuna siku njema zaidi ya kuanza jambo, waliifungua kwenye ukurasa wa maombi ili nayo yapate baraka. Kisha Ashlesha akaenda jikoni kukaanga vimkate vya puri.

Madhukar alibaki sebuleni na kompyuta. Akaona kitufe cha kutuma. Akaiona sanamu ya mungu, akaiona siku, akaona saa njema inakaribia kupita.

Mukta anakumbuka simu ile neno kwa neno.

"Dada Mukta, yamekwenda."

"Nini kimekwenda?"

"Maombi. Baba mdogo kayatuma."

"Yapi? Yale yenye maandishi yangu mekundu?"

Upande wa pili alisikia kilio tu. Kisha simu ikachukuliwa na Madhukar mwenyewe.

"Madamu, kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikaijibu nina hakika. Nani hana hakika siku ya Dasara?"

Haraka haraka haina baraka, hata siku ya baraka. Maji yalikuwa yamemwagika. Jioni ile familia nzima ilikuwa kwa Mukta, na safari hii hakuna aliyegusa pohe.

"Tuseme ni virusi," mzee Kulthe akashauri. "Kompyuta ziko hivyo siku hizi."

"Niandike mimi barua," akasema Madhukar. "Niwaambie nifungwe mimi, mtoto hana kosa."

"Hakuna anayefungwa, baba," Mukta akamjibu. "Ila nafasi yake sasa, siijui."

Ashlesha anasema neno hilo lilimtisha kuliko ile mbili. Mukta alikuwa hajawahi kumwambia mteja kuwa hajui. Na yeye alikuwa na hofu yake, anakiri. Kama chuo kingeona maandishi ya mshauri ndani ya insha, kingeweza kudhani kila kitu ni cha mshauri. Hata hivyo alimgeukia msichana, si wazee. "Wewe unataka tuseme nini?"

"Tuseme lilivyotokea."

"Mwanangu, watatucheka," baba yake akasema.

"Kiwandani walishanicheka, Baba. Bado nipo."

Ashlesha alikiandikia chuo sentensi chache: leo ni sikukuu yetu, tunabariki vyombo vya kazi, baba yangu mdogo alitaka kunibariki, akatuma insha isiyokamilika, maandishi mekundu ni ya mshauri wangu, na bado sijayajibu. Chuo kikamjibu kwa adabu kwamba hakiwezi kumrudishia maombi. Yatasomwa kama yalivyo, pamoja na ujumbe wake.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Madhukar alijiadhibu kwa kutokula kitu kitamu. Mkubwa wa kiwanda aliulizia jibu la Chennai mara mbili. Halafu, mwishoni mwa Novemba, chuo kikamwita kwenye usaili.

Ulifanyika kwa video, sebuleni kwao. Mukta aliamuru wanaume wote wawili waondoke nyumbani, waende kula misal, ule mchuzi wa dengu wenye pilipili, mbali kabisa, wasirudi mpaka wapigiwe simu. Madhukar alipinga, akasema atakaa kimya kama kabati. Akaondolewa.

Msaili, mama mmoja wa makamo, alikuwa na ile insha mkononi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Huyu anayeandika kwa wino mwekundu, ulimkasirikia?"

"Siku mbili," Ashlesha akajibu. "Ya tatu nikaanza kumwonea huruma, kwa kusoma uongo wangu wote."

Yule mama akacheka, kisha akasema jambo ambalo Ashlesha alimsimulia Mukta siku hiyo hiyo: husoma mamia ya insha zilizopigwa pasi, na hii ndiyo ya kwanza aliyoona mtu akifikiri humo ndani. Maoni ya mshauri yalikuwa maswali na makaripio matupu, na kila neno lingine lilikuwa la msichana.

Mukta hakushangilia. Usaili mzuri si kiti. "Tatu kati ya kumi," alimwambia, na hakuongeza.

Jibu lilifika katikati ya Desemba, saa moja jioni, na kwa sababu wasizozieleza vizuri wote walikuwa wamekuja kulingojea kwa Mukta. Ashlesha alisoma kimya. Akasoma tena. Akamgeukia mama yake.

"Mama, nimepata. Na wanalipia nusu ya karo."

Mama alikwenda moja kwa moja kuweka sukari mbele ya miungu, katika nyumba isiyo yake, bila kuuliza. Baba alivua miwani. Aliyelia kuliko wote ni Madhukar, alilia waziwazi, mabega yanatikisika, mpaka Ashlesha akamkumbatia na kumwambia, "Baba mdogo, basi. Ulinibariki kweli." Jumatatu asubuhi alimpigia simu mkubwa wake na kusema haendi Chennai. Mafundi wa laini walipopata habari walimtengenezea breki ndogo ya shaba aende nayo. Ataondoka Agosti.

"Nilikosea," Mukta anasema wakati tukiteremka kilima, Shardul akiwa mbele yetu anakimbilia kazini na "nne" yake kichwani. "Nilisema tatu, ikawa kumi. Sijawahi kufurahia kosa namna hii."

Na ana mpango. Ashlesha amemwalika kwenye mahafali yake, Julai mwakani. Kwa miaka kumi na moja Mukta amepeleka watu ng'ambo, na hajawahi kuona hata lango la chuo kimoja kati ya hivyo. Amepata pasipoti yake ya kwanza. Wiki iliyopita alikwenda kwa wakala wa viza kuulizia kama anaweza kupewa ruhusa ya kusafiri.

Wakala, kijana mpole, alipitia karatasi zake bila haraka. Mjane. Hana mwajiri. Hajawahi kusafiri. Akamwambia, "Mama, sitakuficha. Ni kama nne kati ya kumi."

Mukta anasimama, anajifunga sweta. "Nitaomba hivyo hivyo, nimemwambia. Ila unajua nilijisikiaje pale kwenye kiti?" Anacheka, lakini machozi yanamlengalenga. "Nilitaka aniambie ndiyo. Hata kama ni uongo, aniambie tu ndiyo."