Mwanamke Aliyemtetea Mume Wangu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, Mwingereza bado akitutawala, niliposikia mwanamke mwingine akilitaja jina la mume wangu gulioni Makambako. Alikuwa Erika, muuza chai wa madereva wa malori. Mume wangu, Yohana, alikuwa amefungwa Njombe kwa kuwahutubia wakulima bila kibali. Erika amesimama juu ya kasha, anawasihi watu waende bomani kumdai. "Yohana wetu," alisema.

Yohana wetu! Huyo Erika ndiye aliyekuwa mchumba wake kabla yangu. Nilirudi nyumbani kifua kinawaka, nikamwambia mama mkwe siendi bomani. Kama ni wake, basi amtoe yeye.

Mama mkwe alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuinua hata uso. "Unataka atoke," akaniuliza, "au unataka uwe wewe uliyemtoa?"

Kesho yake nikajitanda shuka, nikapanda lori ambalo Erika mwenyewe alimbembeleza dereva wake atupeleke Njombe.

Tulijaa wanawake mbele ya ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, manyunyu yakitulowesha. Erika alisema Kiswahili kilichonyooka. Mimi wakati huo Kiswahili nilikisikia tu, kusema nilisema Kibena, na hata kwa hilo nikamwonea wivu. Bwana Shauri akamkatiza: "Wewe ni nani wake?"

Erika akanigeukia. Kwa macho yale nikajua bado anampenda. Nikamshika mkono, nikasema Kibena: "Mke ni mimi. Huyu ananisemea." Akatafsiri.

Siku hiyo tulifukuzwa. Tukarudi, tukarudi tena, mpaka wakamwachia kabla kifungo hakijaisha. Alipotoka alitusalimu wote, "Kamwene," halafu akamshukuru Erika kwanza. Iliniuma, mwanangu, na sitakudanganya, nikikumbuka bado huniuma. Lakini jioni ile Yohana alikula ugali nyumbani kwetu, watoto wakigombania mapaja yake.

Basi nakuusia hivi. Wivu utakuingia bila hodi, na utauma. Lakini mtu wako akiwa taabuni, usimfukuze anayemsaidia kwa sababu tu naye anampenda. Uma meno, simama naye bega kwa bega, mtoeni kwanza.

Mungu akujalie watu wa kulitaja jina lako siku utakapokuwa huwezi kujisemea, akawape na wa nyumbani mwako moyo wa kuwapokea.