Goti Langu Mbele ya Mama Mkwe

Ngoja nicheke mimi kwanza ili msinitangulie, maana mama mkwe wangu aliyaona magoti yangu matupu, hadharani, kijiji chetu cha Kinole kizima kikitazama, na hata leo nikikumbuka siwezi kutulia kwenye kigoda.

Ilikuwa enzi za Mjerumani. Daktari wao alipanda mlimani akitaka magoti mazima, ya wanaume na ya wanawake, ayalinganishe (kwa nini, anajua mwenyewe). Akida akaamuru tuje wote, kaniki ikatundikwa kwenye kamba katikati ya uwanja, wanaume huku, wanawake kule, na daktari akawa anazunguka, mmoja huku, mmoja kule. Unalala mkekani, anakushika kisigino, anainua mguu, mkalimani anatangaza. Goti la mwanaume likinyooka linakomea hapohapo. La mwanamke, mkalimani akasema, linapitiliza nyuma kidogo na bado ni zima.

Sasa mimi, mjanja wa kijiji, nikasikia mnong'ono kwamba wanaume wenye magoti mazima watabebeshwa mizigo hadi pwani. Nami nilikuwa nalima kwa kina Zena, mchumba wangu, msimu wa mwisho kabla ya ndoa, nikiondoka tu posa imeharibika. Basi zamu yangu ilipofika nikalikunja goti, nikalikaza, nikalia, "Uwii, halinyooki!"

"Salumu, goti bovu!" mkalimani akatangaza.

Kule nyuma ya kaniki nikasikia sauti ninayoijua, ya mama yake Zena: "Bovu? Miteremko hii atailima nani? Mwanangu simpi kiwete!"

Jamani! Badala ya kunyamaza nikasimama wima (kwa magoti yote mawili, mjue), nikakimbilia ile sauti nikipayuka, "Zima, mama, ni zima!", nikaikanyaga kaniki, kamba ikakatika, nikaanguka nayo, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimepiga magoti, shuka imenipanda kiunoni, mbele ya mama mkwe aliyelala mkekani akisubiri zamu yake, naye magoti nje. Kwetu mkwe ukimwona njiani unaingia porini apite. Mimi, bado nimepiga magoti, nikasema, "Shikamoo."

Mama mkwe alijifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari alicheka mpaka miwani ikamtoka, akaniandika mzima, na nyapara wa wapagazi akanitwika mzigo papo hapo. Bahati yangu safari iliishia Mikese, haikufika pwani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu posa yangu imekufa, na nilipofika nikapeleka kuku wa kuomba radhi, mama hakutoka nje, akamtuma mjomba wake Zena:

"Anasema goti ameliona, linafaa. Kesho uanze shamba la juu, lile la mteremko."

Nikaoa. Tangu siku ile sijasingizia ugonjwa, wala sitasingizia. Lakini sasa nimezeeka, goti linaniuma kweli, usiku na mchana, na kila nikilalamika Zena ananikabidhi jembe.

"Mama aliliona," anasema. "Ni zima."