Chungulia Lasifiwa Kanisani

Lukresia alipopunguzwa kazi ya uchapaji ofisini, wenzake walinunua cherehani au wakafungua magenge ya nyanya. Yeye alinunua mashine kuukuu ya kudurufu, yenye mkono wa kuzungusha kama ya kusagia nyama, akaisimika sebuleni kwao, mtaa wa Majengo. Akamtangazia mumewe kwamba siku hizi serikali imeruhusu kila kitu, kwa hiyo naye anaanzisha jarida.

"Litaitwaje?" aliuliza Osmund, fundi seremala asiyependa maneno mengi.

"Chungulia."

"Atanunua nani?"

Swali hilo Lukresia alilipuuza, na ndilo lililomtesa. Stendi, abiria wa Njombe walilipokea toleo la kwanza, wakalisoma mpaka mwisho, kisha wakamrudishia kwa adabu: "Zuri sana, dada. Endelea hivyo hivyo." Kinyozi alinunua moja, mtaa mzima ukalisoma ukingoja kunyolewa. Wenye maduka walikubali kumuuzia, wakaishia kufungia sukari.

Toleo la pili aliandika makala "Dalili za Mume Mwongo". Padre Kajetani, paroko wao, akalikuta kwa mama mmoja wa kwaya. Jumapili alilinyanyua mbele ya waumini kwa vidole viwili, kama aliyeshika panya mfu kwa mkia.

"Uchafu huu," alinguruma, "usiingie katika nyumba ya Mkristo!"

Lukresia alijikunyata kwenye benchi, akatamani sakafu immeze. Lakini misa ilipokwisha, akina mama walimzingira nyuma ya kanisa. "Dada, ule uchafu bado unao?" Hadi jioni halikubaki hata moja. Katekista alichukua mawili, ajue vizuri anachokataza.

Nyumbani alimkuta Osmund amenuna. Mtaa ulikuwa umeshaamua mume mwongo ni nani.

"Umeandika eti anasema yuko njiani, kumbe hata viatu hajavaa. Huyo si mimi?"

"Hao ni wanaume wote, Baba Aidan."

"Wote hawakuoa mwandishi!"

Hakunyamaza mpaka akapewa ukurasa mzima wa kujitetea katika toleo la tatu. Lilipotoka tu mashineni, Lukresia akaenda nalo kwa paroko.

"Tumsifu Yesu Kristu, Baba."

"Milele, amina. Umekuja kutubu?"

"Nimekuletea toleo jipya. Nilikuwa naomba ulilaani tena, Baba, kama hutajali. Misa ya kwanza, maana ndiyo yenye watu."

Padre alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Akalipokea, na kwa bahati mbaya akalisoma.

Jumapili Lukresia alifika na kapu zima. "Ndugu zangu," alisema padre, "nililaumu kitu nisichokisoma. Jarida hili linajenga familia. Kila nyumba ilinunue."

Baada ya misa watu walimpita mbio, kama wanavyolipita kapu la sadaka. "Kumbe la dini," mama mmoja alinong'ona. Aliyenunua ni sista mmoja tu, tena mzee, naye aliomba apunguziwe.

Lukresia akamfuata paroko sakristia. "Baba, umeniua."

"Si nimekusifu, mwanangu?"

"Ndiyo hivyo!"

Akarudi nyumbani, akalitupa kapu uvunguni, akajilaza na viatu vyake. Osmund, ambaye utetezi wake ulikuwa unaoza pamoja na jarida, alilivuta kapu, akaenda nalo kwenye kilabu cha pombe ya komoni cha Mama Getruda. Akapanda juu ya kreti, akaanza kuwasomea walevi ukurasa wake. Nusu yao walimshangilia, nusu wakasema huyo ndiye mwongo mwenyewe. Alipofika pale anapoanza kueleza wake nao wanavyodanganya, akalikunja jarida.

"Malizia!" walipiga kelele.

"Nunueni, mmalizie wenyewe."

Alirudi ananuka komoni, kapu tupu likining'inia mkononi. Lukresia aliruka kitandani.

"Wote wamenunua? Na makala yangu wameisemaje?"

"Hawajafika huko. Wamekwama kwangu." Osmund alikaa, akavua kofia. "Sasa toleo lijalo nina kurasa ngapi?"

Chungulia liliendelea kutoka mpaka bei ya karatasi ilipolishinda, likiuzwa kilabuni na kulaaniwa na wake wa wanywaji. Lukresia alikuwa mhariri. Ila alipoulizwa nani mwandishi anayependwa zaidi, alikuwa na desturi ya kwenda kuangalia maharage jikoni.