Reli ya Rudewa

Reli isigongwe. Domina aliliomba hilo mbele ya akina mama wote wa kigango, kanisa dogo la kijiji, na Filomena, mwenyekiti wao, akalikubali kwa niaba yao.

Kipande hicho cha reli ndicho kilichokuwa kikiwaamsha wakata mkonge wa Rudewa. Shamba lilipofungwa, enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, kigango kilikichukua kikakitundika kiwe kengele. Beda, mume wa Domina, alikuwa nyapara shambani kule. Uzeeni akili ilimtoka kidogo kidogo. Alisahau majina ya wanawe, akasahau njia ya chooni, lakini mlio ule haukumtoka. Kila alipousikia, alivaa kofia yake akaenda mkongeni kuita watu waliokwisha kufa. Ndiyo maana kigango kiliiacha reli, kikarudia kuita watu kwa ngoma.

Filomena hakuwa mtu wa kuchezea neno lake. Mjane huyu muuza maandazi aliwahi kumsimamisha katibu wa kikundi kwa kuchelewa. Alipoona shamba la Domina limegeuka pori kwa sababu hathubutu kumwacha mumewe, alisema watachanga, wamtafutie mzee mtu wa kukaa naye mchana.

Siku ya mchango wingu lilikuwa zito na waliokuja walienea kwenye mabenchi mawili tu.

"Ngoma hii wameisikia kuku tu," Lupakisyo, mpiga ngoma, alisema. "Mama mwenyekiti, ungepika pilau ungewaona hata watu wa kule Kisanga."

"Piga, acha maneno."

Alipiga. Hakuna aliyeongezeka. Filomena aliona aibu ikimpanda usoni, maana alikuwa amemwahidi Domina kwamba kanisa litajaa. Domina mwenyewe alikuwa amesimama mbele, kwani desturi yao ni anayechangiwa kupokea kwa mkono wake.

"Mzee vipi?" Filomena alimnong'oneza.

"Nimemwacha amelala, dada. Hakulala usiku kucha."

Amelala. Filomena alishikilia neno hilo kama ruhusa. Alitoka nje bila kumwambia mtu, akaokota nondo, akaigonga reli kwa nguvu zake zote.

Watu walikuja, hilo halikataliki. Walitoka kwenye vilabu, sokoni na mashambani, wakidhani kuna moto au msiba, na walipoelezwa walitoa walichokuwa nacho. Lakini Domina hakuwapo tena kuwapokea. Mlio wa kwanza tu ulimtoa mbio, kanga ikaanguka mlangoni.

Kitanda kilikuwa kitupu. Msumarini hakukuwa na kofia.

Walimtafuta mpaka giza, katika mvua. Mkonge ulioachwa ulikuwa umesongwa na vichaka, mtu akipita hatua chache hamwoni mwenzake. Asubuhi Koileken, mfugaji aliyekuwa akipitisha ng'ombe, alimkuta amelala kati ya mistari ya mkonge, amelowa, miiba mikononi.

"Shikamoo, mzee," Koileken alimwamkia kwanza, kabla ya kuelewa.

Msibani Filomena alipiga magoti mbele ya mfiwa. "Nilitaka watu waje, mdogo wangu."

"Walikuja," Domina alisema, akageukia ukutani.

Filomena aliacha uenyekiti bila kuombwa. Kujiuzulu hakurekebishi kitu. Nia yake ilikuwa njema, na nia njema haikumpa haki ya kuvunja neno alilompa mwenzake. Mchango ule ulinunua jeneza. Kuigonga reli kulimgharimu Beda uhai wake.