Namba za Nyuma ya Karatasi

Mume wangu ni dobi, na ukaidi aliojaliwa ungetosha ukoo mzima. Miaka ishirini anateka maji mtoni kufua mashati ya wakubwa. Kiwanda cha ngozi kilipofunguliwa kule juu, mashati meupe yakaanza kutoka na rangi ya majivu. "Dobi kazeeka," wateja wakasema, maana mdomo haulipiwi kodi, wakahama mmoja mmoja.

Ofisi ya mazingira ilipotafuta raia wa kujitolea kupima mto, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Wakampa bomba la kioo lenye msalaba mweusi chini: unajaza maji, unayapunguza kidogo kidogo hadi uuone msalaba, unasoma sentimita za maji yaliyobaki; zikiwa nyingi, maji ni safi. Apime Jumatatu asubuhi, basi, kwa kuwa Jumatatu ndiyo iliyochapwa kwenye fomu. Lakini kiwanda hutapika uchafu wake mtoni Alhamisi! Hata vyura wanajua. Akawa anapima Alhamisi pia, na kwa vile fomu haikuwa na nafasi, akaandika nyuma. Miezi minane.

Siku moja tukaitwa mkutanoni. Bwana afisa wa mazingira, shati jeupe pee, fomu za mume wangu mkononi, akasoma: wastani sentimita hamsini, maji safi, kiwanda kitapewa cheti. "Na tumshukuru mzee wetu dobi, namba ni zake."

Wakapiga makofi. Mimi nilitamani kulia. Namba zake mwenyewe ndizo zinazomzika!

Mume wangu akainuka. "Mwanangu, geuza karatasi."

"Ipi, mzee?"

"Zote."

Afisa akageuza. Sita. Tano. Nne. Sita. Kumbe mashine yao ofisini husoma upande wa mbele tu, na wenyewe wameiachia isome peke yake.

"Sasa mzee, mbona hukutuambia?"

"Nimewaambia mara thelathini na nne. Tena kwa mwandiko mzuri."

Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa naye akacheka, maskini, angefanya nini? Cheti kikawekwa kando.

Alhamisi iliyofuata afisa alikuja mwenyewe mtoni, akachutama kando ya mume wangu, akajaza bomba, akamwaga, akamwaga, hadi yakabaki maji ya kufunika kidole. Msalaba ndipo ukaonekana. Mengine yalikuwa yamemrukia shatini.

Jioni akalileta shati dukani kwetu. Mume wangu akalisugua mara tatu, akamrudishia na madoa yake yale yale.

"Kalivae ofisini," akamwambia. "Hilo halihitaji kugeuzwa."