Barabara Siyo Wilaya

Joash Oyoo alikuwa fundi wa baiskeli katika soko la Nyamarere, na mtu asikudanganye kwamba kulikuwa na fundi mwingine kati ya Oyugis na Rongo aliyeweza kunyoosha rimu kwa jicho tupu. Baiskeli zilizopita mikononi mwake zilifika Muhuru Bay, zikavuka hadi Tanzania zikiwa na magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Yeye mwenyewe, miaka arobaini na moja, hakuwa amevuka Kisii. Na hiyo Kisii alienda kung'oa jino.

Ajabu ni kwamba jina lake lilikuwa la msafiri. Kwa Wajaluo, mtoto wa kiume anayezaliwa njiani huitwa Oyoo, na huyu alizaliwa njiani kabisa, kwenye barabara ya murram, baba yake akimpeleka mama yake zahanati kwa baiskeli. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele kuna serikali.

Mali nyingine ya Oyoo ilikuwa sauti. Besi. Akiifungua kanisani, vioo vya madirisha vinatetemeka na watoto wachanga wanaacha kulia wajue ni nani huyo. Mwaka wa tisini na tatu walipita Wazungu wa Swideni, wachimba visima, wakaisikia, wakauliza hiyo mashine iko wapi. Wakaonyeshwa Oyoo. Mwaka uliofuata ikaja barua: kwaya nzima imealikwa Swideni wiki tatu, kila mtu na pasipoti yake.

Mwalimu Joyline, kiongozi wa kwaya, mwanamke asiye na mchezo, akasimama mbele yao. "Tunaondoka tarehe mosi Agosti. Asiye na pasipoti ataimba akiwa hapa Nyamarere, tutamsikia kwa upepo. Na wewe Oyoo, ukikosa, Dishon atachukua besi."

Dishon alikuwa mwimbaji wa teno, sauti ya juu, na pasipoti yake ilikuwa imeshatoka. Kuanzia siku hiyo alifanya mazoezi ya besi nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga. Waliopita walidhani kuna ndama amenasa kwenye ua. Oyoo alipomsikia, spana ilimponyoka mkononi. Waswidi wamualike simba, wapelekewe ndama!

Akavaa koti la harusi yake, akaenda ofisi ya serikali Homa Bay, dirisha la fomu za pasipoti. Karani wa dirisha hilo alikuwa Bwana Makori, Mkisii mpole, aliyepiga mihuri kama mtu anayeua nzi. Oyoo alisoma hadi darasa la tatu tu, kwa hiyo karani alimsomea fomu na kumjazia. Mambo yakaenda vizuri mpaka mstari wa tano.

"Mahali pa kuzaliwa?"

"Barabarani."

Makori akainua kalamu. "Barabara siyo wilaya, mzee."

"Lakini ndiyo ukweli, mkubwa. Hata jina linasema. Oyoo ni wa njiani."

"Njia gani?"

"Hii ya Nyamarere."

Makori akageukia ramani ukutani. Ilikuwa mpya, kwa sababu miaka miwili tu nyuma ile South Nyanza kubwa ilikuwa imekatwa, Migori ikawa wilaya yake na Homa Bay yake. Kidole chake kikafuata mpaka mwekundu, kikafika Nyamarere, kikasimama. Mpaka ulikuwa unapita juu ya barabara yenyewe.

"Sasa ulizaliwa upande wa kushoto au wa kulia?"

"Mkubwa," Oyoo akasema, "nilikuwa nimefunga macho."

Makori hakucheka. Alisema bila cheti cha kuzaliwa hakuna pasipoti, na cheti ni cha wilaya, na kwa jinsi alivyoona yeye, mtu huyu alikuwa mali ya Migori.

Migori dirisha lilikuwa la Bwana Mirumbe, Mkuria mrefu, aliyelazimika kuinama ili uso wake uonekane. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Wewe ulizaliwa hamsini na tatu. Migori haikuwepo. Mtu hawezi kuzaliwa mahali ambapo hapapo. Faili zote za zamani ziko Homa Bay. Waambie hivyo: mpaka haukuwepo."

Oyoo akarudi Homa Bay. Aliwaambia hivyo.

"Ni kweli haukuwepo," Makori akasema kwa huruma. "Lakini sasa upo. Na wewe upo. Mngekuwa hampo nyote wawili, ningekusaidia."

Hivyo ndivyo Juni ilivyoisha. Oyoo alienda na kurudi kama sindano ya cherehani, Homa Bay, Migori, Homa Bay, mpaka akawa amesafiri kuliko maisha yake yote na bado hajafika popote. Kila jioni aliporudi alimgeukia mama yake, Filister, aliyekuwa akipepeta mtama uani.

"Mama, wewe hukunipeleka shule sawasawa. Ningesoma, hawa watu hawangenichezea."

"Nilikupeleka, wuoda, mwanangu," Filister alijibu bila kuacha kupepeta. "Ulitoka mwenyewe, ukafuata gurudumu."

"Na ungenizaa mahali pa maana."

"Ungengoja tufike."

Hapo ndipo uvumi ulipotokea sokoni. Ilisemwa kwamba Waswidi wakimpenda mtu, huchimba kisima mahali alipozaliwa. Kisima chenye pampu. Nani aliyeanzisha uvumi huo sitamtaja, ila alikuwa na grisi kwenye vidole.

Uvumi ulifika Migori siku ya Jumanne. Alhamisi ilipofika, Oyoo, ambaye hakuwa wa mtu, alikuwa wa watu wote. Mirumbe alituma barua kwamba Migori, baada ya kufikiri, imekubali kumzaa. Makori naye akatuma yake: Homa Bay haijawahi kumkana mtoto wake. Na kwa kuwa barua mbili za serikali haziwezi kuwa kweli kwa mtu mmoja, ikaamriwa makarani wote wawili wakutane mahali pa tukio, tarehe nane Julai, saa nne asubuhi, na shahidi aletwe.

Shahidi aliletwa kwenye keria ya baiskeli, amevaa rinda la Pasaka na kujifunga leso mbili. Watu walijaa barabara yote. Upande mmoja walisimama wa Migori wakipiga kelele "Wetu! Wetu!" na upande wa pili wa Homa Bay, na Oyoo katikati ya murram, ameshika barua zake kama mwizi aliyeshikwa na kuku.

Mirumbe alifungua futi ya fundi seremala. Makori akashika ncha ya pili. Wakapima barabara, wakaweka mawe katikati.

"Sasa, mama," Makori akamwambia Filister, "utuonyeshe ulilala vipi siku hiyo. Kichwa kilikuwa wapi?"

"Kichwa hakihesabiki," Mirumbe akasema. "Mtoto hatoki kichwani. Tuulize miguu."

"Lakini mama ni kichwa, bwana! Mtu huandikwa kwa kichwa."

"Basi tuandike kichwa cha mtoto."

Dishon, aliyekuwa amekuja kushangilia haki, akapaza sauti kutoka nyuma: "Wapime tena! Polepole! Jambo la serikali halitaki haraka, hata lichukue mpaka Septemba!"

"Wewe ndama, nyamaza," akasema Mwalimu Joyline, na Dishon akanyamaza.

Filister aliwatazama makarani wote wawili kutoka viatu hadi kofia. "Kwanza, sikulala. Nilichuchumaa. Mnafikiri barabara ilikuwa kitanda?" Wanawake wakapiga vigelegele. "Pili, mnapima nini hapa?"

"Barabara, mama."

"Hii siyo barabara."

Watu wote wakatazama chini, kuhakikisha wamesimama juu ya nini.

"Hii ililetwa na tingatinga, Oyoo tayari anaota ndevu," Filister akasema. "Barabara yangu mimi ilipita kule." Akanyoosha fimbo kuelekea ua wa Shule ya Msingi ya Nyamarere, akaanza kutembea. Serikali mbili zikamfuata, futi ikiburuzwa nyuma kama mkia, na umati nyuma ya futi.

Alipita lango la shule. Alipita mlingoti wa bendera. Wanafunzi walijaa madirishani, walimu wakaacha chaki. Filister akazunguka nyuma kabisa, akasimama mbele ya choo cha wasichana wa darasa la sita.

"Hapa," akasema.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Mama, haiwezekani. Hii shule ilijengwa sitini na nane."

"Na mimi nilijifungua hamsini na tatu. Nani alifika kwanza?"

Mirumbe akasafisha koo. "Mama, tunahitaji kitu cha kuonekana. Alama."

Filister akaingia kwenye majani nyuma ya choo, akayapangua kwa fimbo. Kulikuwa na jiwe la maili, lile la zamani la kikoloni, limeinama, namba yake imefutika kwa sababu wapishi wa shule walikuwa wakinolea panga juu yake. Alijifunga leso vizuri, akachuchumaa taratibu, magoti yakilia, akalikumbatia jiwe kwa mikono miwili. Mikono ilikaa sawasawa, kama mtu anayeshika usukani wa baiskeli yake mwenyewe.

"Nilishika hapa. Baba yake alisimama pale, amenipa mgongo kwa aibu. Akawa anaimba, asinisikie nikilia. Sauti ya chini kabisa. Alikuwa mwoga sana yule mtu, lakini sauti alikuwa nayo."

Oyoo hakuwa amewahi kusikia hilo. Alivua kofia, akabaki anaizungusha mkononi.

Makori akapima kutoka kwenye jiwe hadi mpakani: hatua mia mbili na kumi, ndani ya Homa Bay. Mirumbe alijaribu la mwisho. "Lakini baba alikuwa amesimama upande unaoelekea Migori!"

"Baba hakuzaa," Filister akasema, akinyoosha mkono ainuliwe.

Mirumbe akakunja futi yake. Alikuwa muungwana, alimpa Oyoo mkono, akasema Migori inamtakia safari njema, na akiona kisima kimebaki, asiwasahau. Mwalimu mkuu akauliza kisima kitakuwa upande gani wa choo. Oyoo akasema Waswidi ndio wanajua mambo ya maji, akaangalia kwingine.

Cheti kilitoka baada ya siku nne, fomu zikapanda kwenda Nairobi na koti la harusi likarudi sandukuni. Wiki moja ikapita. Ya pili ikaisha. Nyuma ya posho mill ndama alikuwa amepata nguvu mpya. Ijumaa tarehe ishirini na tisa Julai, Oyoo aliitwa dirishani Homa Bay, na Makori akamtolea kitabu kidogo chenye ngao, akakipiga kofi moja la kwaheri kwa mazoea tu, bila muhuri.

Alikimbiza baiskeli hadi nyumbani. Mama yake alikuwa uani, anapepeta.

"Imetoka, Mama! Jumatatu naenda. Dishon arudi kwenye teno yake."

Filister akafuta mikono, akakishika kitabu juu chini, akatazama picha. "Hii pua ni ya baba yako. Na hapa pa kuzaliwa? Wameandika barabara?"

Oyoo akaweka kidole chenye grisi chini ya maneno, akayasoma moja moja, maana yalikuwa marefu. "Shule... ya Msingi... ya Nyamarere. Homa Bay."

Filister akarudisha ungo mapajani, akaurusha mtama juu, makapi yakaruka na upepo.

"Unaona? Nilikupeleka shule siku ya kwanza kabisa. Ni wewe uliyetoka."