Mafuta kwenye Rimu

Mwezi uliopita nilishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, na gari lilipokata ile kona ambayo ziwa linajitokeza ghafla chini yako, nikajikuta nimeng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili. Dereva akanitazama kwenye kioo. "Usiogope mama, siku hizi ni lami." Ni lami kweli. Ila mwili wangu bado haujapata habari hiyo.

Nilipokuwa na miaka kumi niliishi huku milimani na mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Alikuwa akiteremsha maharage ziwani kwa baiskeli na kurudi na usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, akiisukuma kwa miguu mlima mzima. Nyumba yetu ilinuka usipa wakavu na kahawa mbichi, na mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana mahali nasikia njaa.

Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, ya matairi mapana. Breki zake hazikuwa zile za fito za chuma tulizozizoea. Zilikuwa na vijikono viwili kila gurudumu, vinavutwa na waya, vinabana rimu, ile ringi inayoshika tairi, kwa mipira. Zilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Jirani yetu alikuwa akisikia tu anatoka nje: "Nguruwe kafika!" Watoto wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikatamani ardhi inimeze.

Basi Jumamosi moja ya likizo, mama mdogo alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikachukua mafuta ya kupikia nikaipaka mipira yote minne, nikazipaka na rimu kuzunguka. Nikazungusha gurudumu, nikabana breki. Kimya. Nilijiona fundi.

Jumatatu alfajiri nikaongeza mafuta kidogo, mikono nikaifutia sketi tu, tukateremka, yeye akiendesha, mimi nyuma juu ya gunia. Kwenye mteremko wa kwanza niliona vidole vyake vimekunja breki mpaka vimegusa usukani, na miti inazidi kukimbia. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nishike kiuno. Usiruke." Mbele ilikuwa kona, na baada ya kona hakuna kitu, ni bonde. Akakata kulia, akatuingiza kwenye shamba la ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo. Gurudumu likazama shimo la kwanza, sisi tukatua la tatu, katikati ya mahindi machanga. Niliketi na udongo mdomoni, sina hata mchubuko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Siku mbili baadaye, mkono umefungwa bandeji ngumu, tukaipeleka baiskeli kwa fundi mjini, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Kilwa.

"Shikamoo fundi," mama mdogo akasalimia.

"Marahaba. Pole sana mwanangu."

Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa. "Subhanallah! Nani kakaanga maandazi hapa?"

Nilimtazama mama mdogo, naye akanitazama. Kisha akamgeukia fundi. "Ni mimi. Nilikuwa nabeba mafuta, yakanimwagikia."

Mtu mzima, mwanakwaya, kasema uongo mbele yangu, kwa ajili yangu! Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana duniani.

Fundi akaosha rimu kwa maji moto na sabuni, akaitupa mipira ile, akafunga mipya. Akaiinamisha kidogo ili ncha ya mbele iguse kwanza. "Hii ndiyo dawa ya kelele," akasema. Nikashtuka upya: kelele ilitaka kugeuza spana mara moja tu! Halafu akaonyesha kiwaya kifupi kinachounganisha vile vijikono juu ya tairi. "Kilikaa juu mno. Hata bila mafuta, breki hizi zilikuwa dhaifu." Akakishusha vidole viwili, akaisogeza mipira karibu na rimu, akaniambia nijaribu. Nilibana kidogo tu, gurudumu likaganda.

Siku hizi usipa wanapanda mlima kwa magari, na kibanda cha fundi yule kimekuwa duka la vocha na chaja. Ngoro za pale konani zimefukiwa, pana nyumba ya bati. Mama mdogo yupo, kazeeka, na kiwiko chake hakikunyooka tena. Safari hii nilimpigia magoti nikamwambia yote, miaka yote hii nikidhani ni siri.

Akacheka. "Nilijua tangu kule shambani, mikono yako iliteleza kiunoni kwangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, usingethubutu kutengeneza kitu tena maishani mwako," akajibu, akaendelea kuchambua maharage kwa mkono wake mmoja mzima.